Tuisheni ya kingereza ya jioni Mwanjelwa, niko mwezi wa pili sasa

Wana Mbeya mnaouliza kama tuisheni ya kingereza ya jioni pale Mwanjelwa inafaa, mi nasema nendeni, 40,000 yangu ya mwezi siijutii.

Mi nafanya kazi ya parachichi huko Rungwe, nasimamia kuchuma na kuchambua, na kilichonipeleka darasani ni meseji ya mnunuzi mmoja. Tulikosea makaratasi ya mzigo akaandika "we have to start from scratch". Sasa scratch mi naijua ni mkwaruzo, na parachichi lenye mikwaruzo ya maana kwenye ganda linawekwa pembeni haliendi nje, basi nikajua mzigo umekataliwa, nikarudi kwenye kreti nikawa napindua tunda moja moja kwa tochi ya simu mpaka saa 4 usiku na baridi ya Tukuyu ile ya mwezi wa saba, kumbe mnunuzi anasema fomu zijazwe upya tu jamani.

Nlivyomsimulia mwalimu hakucheka. Kachukua chaki kachora mstari sakafuni, wenzangu wawili kawasogeza hatua kadhaa mbele, mi kaniweka mstarini, akasema zamani Uingereza kwenye mbio mstari wa kuanzia walikuwa wanaukwaruza chini, anayeonekana dhaifu anasogezwa mbele, asiyepewa upendeleo wowote ndo anaanzia kwenye mkwaruzo. Nikaelewa palepale. Yani ni kuanza moja, hubebi chochote cha mwanzo. Suruali ukiitia kiraka hiyo sio from scratch, ukinunua kitambaa fundi akakupima upya hiyo ndo yenyewe. Halafu hata chapati ukikanda unga mwenyewe unasema umepika from scratch, na hapo hakuna kilichoharibika wala kinachorudiwa, hii sikuwa naijua kabisa. Na usichomeke "the" katikati, ni "from scratch" basi, wengi darasani tulikuwa tunakosea hapo.

Kasoro zipo. Chumba kidogo, ukikaa mlangoni honi za bajaji zinameza nusu ya somo, na fotokopi wanazogawa zimefifia mpaka unaazima ya jirani, hilo kwa hela tunayolipa walirekebishe.

Nawapa nyota 4. Wanaanza saa 11 na nusu jioni, wahini viti vya mbele.