Shimo la choo "lisilojaa milele", Uyole, Mbeya: nyota 2 kati ya 5

Naandika hii kwa wanaojenga huku Uyole, Itezi, Isyesye na pande hizo, maana mtaani kwetu bomba la majitaka hakuna, kila mtu na shimo lake.

Septemba 2022 tulikuwa tunamalizia nyumba, hela imekata kama kawaida ya ujenzi, baba watoto akaona tangazo la mafundi wa bayodaijesta, yani tenki la choo ambamo bakteria wanakula uchafu. Jina lao siandiki. Maneno matamu kweli, shimo la kisasa, halinuki, halijai milele, gari la kunyonya utalisikia kwa majirani. Milioni moja na laki sita na nusu, vifaa juu yao. Wakaja vijana wanne, siku tano wamemaliza.

Nisiwe mchoyo, ujenzi wenyewe uko vizuri. Tenki la bloku, vyumba viwili, urefu mita 2.5, upana 1.2, maji yanasimama mita 1.5, yani kama lita 4,500 hivi, kwa watu sita mbona linatosha. Plasta ya ndani niliipapasa kwa mkono wangu, laini kama sahani, mpaka leo halijavuja. Na mahindi yangu hawakukanyaga hata bua moja. Nyota mbili ni za hapo.

Kasheshe ilianza Machi 2024, mvua zimekolea, na baba mkwe kaja kutoka Tukuyu. Mnaojua mila za Wanyakyusa mnanielewa, mkamwana na baba mkwe ni kukwepana, hata kupishana koridoni ni mtihani, sasa asubuhi choo kinabwabwaja, chemba ya nje imefurika, harufu mpaka sebuleni na mimi ndo mwenye nyumba. Mzee wa watu akaaga siku hiyohiyo, eti kakumbuka ng'ombe. Nilitamani ardhi ipasuke, ila ilikuwa imeshapasuka, kwenye chemba.

Nawapigia wale mafundi wananiambia bakteria wamekufa kwa baridi, ninunue dawa, pakiti elfu 25 kila mwezi. Nikanunua tatu!! Hakuna kitu.

Jirani akanipa namba ya fundi mzee wa Iyunga. Kafika, kauliza mfuniko uko wapi. Hakuna. Wale vijana walimwaga zege juu lote likawa jamvi moja, kwani halijai milele, mfuniko wa nini? Ikabidi tindo na nyundo, nusu siku nzima. Kijana wake akataka kuchungulia kichwa kiingie, mzee akamvuta shati akafoka, ile hewa ya mle inamlegeza mtu sekunde chache tu na anayeingia kumwokoa naye anabaki humohumo.

Halafu akachukua mti mrefu, akauzungushia taulo jeupe na kuufunga kwa kamba, akauzamisha taratibu hadi chini, akausimamisha kidogo, akautoa. Taulo likawa limechafuka mpaka alama fulani, juu yake maji tu. Akapima kwa futi, tope sentimita 20. "Mwanangu, tenki lako halijajaa, tope likifika theluthi ndo uite gari. Ugonjwa uko mbele."

Mbele ni bomba la kutokea. Pale kwenye bomba la inchi 4 panatakiwa kukaa tii, kile kiungo cha bomba chenye umbo la T, mguu wake mmoja unazama chini, ili kinachotoka kiwe maji ya katikati, ule utando wa mafuta unaoelea ubaki ndani. Wao wakachomeka bomba limenyooka tu. Kwa hiyo mwaka na nusu mafuta yetu ya jikoni na uchafu unaoelea vilikuwa vinasafiri kwenda sokawei, yani shimo la kunywea maji, mawe yakapakwa utelezi mweusi kama grisi, ardhi ikagoma kunywa. Na udongo wetu chini una vijiwe vyepesi vya volkano, unapitisha maji fasta, usingegoma bure. Tii yenyewe nilienda kununua Mwanjelwa, elfu 6. Elfu sita jamani.

Zile pakiti nikamuonyesha, akacheka, "Bakteria unawapeleka mwenyewe kila asubuhi, hawanunuliwi." Baridi ya Juni na Julai inawapunguza kasi kweli, ila haiwamalizi, kinachowaua ni ndoo za dawa za kung'arishia sinki.

Bili yangu: kunyonya trip moja laki na ishirini, na hapo mpira wa gari ilibidi uungwe mara mbili kwa sababu shimo liko nyuma ya nyumba na gari haliingii (hili nalo hawakuuliza). Kuvunja, mifuniko miwili, tii, kuchimba sokawei jipya na kulijaza mawe, laki tatu na tisini. Sokawei tulilisogeza mbali zaidi, maana kisima cha jirani kilikuwa mita 18 tu na mzee alikataa chini ya 30. Kabla ya kuchimba alitoboa kishimo, akakilowesha usiku kucha, asubuhi akajaza maji akakaa na saa anatazama yanavyoshuka. Wale wa milele hawakupima chochote.

Mvua mbili zimepita, choo kinashuka safi, baba mkwe kesharudi na kulala siku tatu. Wanaotaka namba ya mzee waje inboksi, ila simu hapokei akiwa kazini, piga jioni.