Rolapu ya kufuli moja, nimeitumia miezi minne

Jamani hii rolapu (mtandao wa pembeni unaofanya miamala kwa bei nafuu kisha kurudisha matokeo kwenye blokcheni kuu ya Ethereum) nimekaa nayo miezi minne sasa, jina nalibana maana sitaki ugomvi na wenyewe. Mi nafanya dizaini kwa wateja wa nje nikiwa hapahapa Makulu Dodoma, nalipwa USDC (dola za kidijitali), na kilichonivuta ni kimoja tu, kutoa hela. Arbitrum, rolapu nyingine, ukipita daraja lao rasmi kurudi Ethereum unasubiri kama siku 7 ili anayeona udanganyifu apate muda wa kupinga, hawa dakika ishirini mzigo ushaingia na ada yenyewe hela ya ubuyu.

Wanachofanya ni hivi, miamala inahesabiwa ndani ya enklevu, yaani chumba cha siri kwenye prosesa ya Intel, wanakiita SGX, hata mwenye seva hatakiwi kuchungulia, kikimaliza kinapiga saini na mkataba (programu inayojiendesha) kule Ethereum unaikagua, basi. Hakuna mahesabu mazito kama ya zk (ushahidi wa kihisabati kwamba miamala imehesabiwa sawa) ndo maana bei chee.

Sasa kwenye kikoba chetu sanduku lina kufuli tatu na kila ufunguo una mtu wake. Hawa wana kufuli moja, fundi wake Intel, na hiyo kufuli ishavunjwa si mara moja, kuna shambulio la Foreshadow 2018, ÆPIC 2022 ambayo watafiti waliitumia wakautoa ufunguo mkuu wa Secret Network, blokcheni ya siri inayotegemea SGX (bahati walikuwa watu wema), halafu 2025 ikaja Battering RAM, kidude cha chini ya dola 50 unakipachika kwenye memori. Intel wao wanasema mtu akishaishika mashine kwa mikono hiyo haipo kwenye ahadi yao. Haya, seva za hawa jamaa ziko wapi na nani anashinda mlangoni? Nimeuliza sapoti mara mbili, naambiwa tu nisiwe na wasi.

Na mwezi uliopita kutoa kuligoma siku nzima na nusu, kumbe seva haikupigwa apdeti, cheti chake cha kuthibitisha enklevu ni salama kikakataliwa kwamba kimepitwa, mi huku mwenye nyumba anapiga simu ya kodi!

Taiko, rolapu nyingine, wao SGX waliichanganya na ushahidi wa zk, mmoja ukidanganya mwingine unaubana, hapo nawaelewa.

Nyota 3 kati ya 5. Hela ya wiki napitishia, akiba siweki hata senti. Wakiongeza kufuli ya pili ntarudi kubadilisha nyota.