Kurudia gemu refu: uanze sifuri au ubebe silaha zako?

Hamu ya kurudia gemu la saa mia haiishi kwa kujikumbusha kwamba muda ni mchache. Afadhali uchague njia ya kuingilia: kuanza sifuri, au kubeba silaha ulizopata mara ya kwanza.

Kwa kuokoa muda, kubeba silaha kunashinda. Gemu la The Witcher 3, la 2015, hukuruhusu kuanza hadithi upya na panga na ujuzi wako wa awali. Maadui nao hupandishwa kiwango, na karata za Gwent, mchezo wa karata ulio ndani ya gemu hilo, unazikusanya upya, jambo ambalo mimi nalifurahia.

Kwa utamu wa hadithi, naipenda sifuri. Udhaifu wa mwanzo ndio unaoipa safari uzito: kila ngao mpya ina maana, na unaweza kumjenga mhusika tofauti kabisa, mchawi badala ya shujaa wa upanga.

Gemu jingine, Red Dead Redemption 2, halina njia ya kubeba vitu, ila misheni moja moja hurudiwa kupitia menyu.

Mwenye saa moja tu usiku, anayetaka kuona mwisho mwingine, abebe silaha. Aliyesahau nusu ya hadithi na ana likizo, aanze sifuri.