Nahariri redio kwa masikio: REAPER, OSARA na NVDA baada ya miezi minane

Haya, habari za saa hizi wadau. Kama mnaona dari badala ya uso wangu, semeni hapo chini, ila lawama ziende kwa mpwa wangu. Ameisimamisha simu juu ya ndoo, akaniambia "Mjomba usisogee," akatoka. Sasa nimekaa kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti.

Kwa wageni: mimi sioni tangu utotoni. Wengine husema kipofu, wengine asiyeona, mimi lolote sawa mradi tulipane kwa wakati. Kazi yangu ni kuhariri vipindi vya redio, hapahapa Dodoma, Chang'ombe, kwenye chumba kimoja nilichotundika mablanketi ukutani ili sauti isirudi. Ule uvumi mnaousikia nyuma ni upepo wa Dodoma, na upepo wa Dodoma haukubali blanketi.

Leo nachambua vitu vitatu vinavyofanya kazi kama kimoja. Cha kwanza ni NVDA, kisoma-skrini cha bure kwenye Windows, yaani ile sauti inayonisomea kilichopo kwenye kioo. Waliianzisha Waaustralia wawili wasioona, Michael Curran na James Teh, mwaka 2006. Cha pili ni REAPER, programu ya kurekodi na kuhariri sauti. Nyuma yake yupo Justin Frankel, yule aliyetengeneza Winamp, na kama hukuwahi kusikiliza muziki kwa Winamp basi wewe ni mtoto, shikamoo nakudai. Cha tatu ni OSARA, kiraka kidogo cha bure kinachoifanya REAPER iongee na kisoma-skrini. Aliyekianzisha ni James Teh yuleyule. Ukijiuliza kwa nini kinajua hasa mtu asiyeona anataka kuambiwa nini, jibu ndilo hilo.

Tuanze na bei, najua wengi mnasubiri hapo. NVDA bure. OSARA bure. REAPER unaijaribu siku 60 ikiwa kamili, baada ya hapo leseni ya mtu binafsi ni dola 60. Leseni hiyo inakuvusha hadi toleo kubwa linalofuata, kwa hiyo si kila mwaka unachangishwa. Faili la kusakinisha halifiki megabaiti 20, bando la kawaida linatosha na chenji inabaki. Yapo mambo mengine sokoni, JAWS kwa mfano ni kisoma-skrini kizuri, lakini kwa bei yake bora uende mnadani ukarudi na ng'ombe. Na Audacity, ile programu nyingine ya kuhariri sauti? Bure, inaongea vizuri na NVDA, anayeanza aanze nayo. Mimi nimekaa nayo miaka miwili. Nilihama siku nilipopewa kipindi chenye treki sita, yaani mistari sita ya sauti inayokwenda pamoja.

Sasa kazi yenyewe. Nina hapa mahojiano na mkulima wa zabibu wa Mpunguzi, dakika 22, redio inataka 7. Nabonyeza kitufe cha nafasi, anaongea. Nikisikia pa kuanzia kukata, nabonyeza mabano mraba ya kushoto, bila kusimamisha. Nikisikia pa kuishia, mabano ya kulia. OSARA inanitajia pale nilipo, dakika na sekunde. Nakata, narudi nyuma sekunde mbili, nasikiliza kiungo. Kama kimekwaruza natengua, narudia. Ni hivyo tu kutwa nzima. Hakikisha tu umewasha ile hali ya kuvuta (ripple), inayosogeza vipande vya mbele kuziba pengo, vinginevyo ukikata kipande linabaki shimo, na shimo la sekunde nne hewani msikilizaji anadhani umeme umekatika.

Nakaa kidogo kwenye jambo moja, maana ndilo lililonifanya nirekodi hii video.

Mtu anayeona huhariri kwa macho. Anatazama mawimbi kwenye kioo: penye mlima kuna sauti, penye tambarare kuna kimya, anafyeka tambarare. Kwa Kiingereza huenda anapona. Kwa Kiswahili anaumia, kwa sababu Kiswahili kimejaa ile "m" ya mwanzo wa neno. Tamka "mzee". Midomo imefungwa, sauti inapita puani, ni ndogo. Kwenye kioo ile "m" karibu ilale kabisa, inafanana na kimya. Fundi anaifyeka, na mzee anageuka "zee". Mvua inakuwa "vua". Mkulima anakuwa "kulima". Hapa kwetu mvua ni habari kubwa, sasa hebu tangaza "vua imenyesha Kongwa" uone simu zitakavyoingia.

Nisijifanye mtakatifu. Kosa hilo nimelifanya mimi, tena si kwa macho. REAPER ina kifaa cha kuondoa kimya chenyewe: unaipa kiwango, chochote kilicho chini ya hapo inakitupa. Siku hiyo nilikuwa na haraka, nikaweka kiwango juu, nikaiachia saa nzima ya mazungumzo na wazee. Sikusikiliza viungo. Kipindi kikaenda hewani mtangazaji akimkaribisha mgeni wake wa heshima: "Zee wetu, karibu sana." Mara tisa. Familia ilipiga simu kabla kipindi hakijaisha, na walikuwa na haki. Nilikwenda kuomba radhi kwa miguu yangu. Yule babu alicheka mpaka akakohoa, wanawe hawakucheka.

Tangu siku ile, nikitumia kifaa hicho naacha akiba ya milisekunde 100 mbele ya kila kipande. Ipo sehemu ya kuandika namba hiyo palepale kwenye dirisha lake, na NVDA inaisoma bila shida. Na pumzi siikati. Mtu akivuta pumzi kabla ya kusema jambo zito, pumzi ile ni sehemu ya jambo.

Kasoro sasa. Kubwa ni kwamba unasikiliza watu wawili kwa wakati mmoja: mgeni wako anazungumza na NVDA naye anazungumza. Dawa yangu ni kadi ya sauti ya pili, ile ndogo ya kuchomeka USB. NVDA nimeipeleka huko, inaingia sikio la kushoto kwa kisikilizi kidogo, na REAPER inabaki kwenye hedifoni kubwa. Wiki mbili za kwanza kichwa kinauma. Halafu unazoea, kama mama wa duka anavyopokea simu huku anahesabu chenji. Ukiwa unarekodi maiki ikiwa wazi, zima kwanza maneno ya NVDA kwa kitufe cha NVDA (kwa kawaida Insert) pamoja na S. Mimi ninayo promo moja nzuri sana ambayo katikati yake kuna sauti ya roboti inasema asilimia ya betri.

Kasoro ya pili ni lugha. REAPER na OSARA kwangu zinaongea Kiingereza, kwa hiyo sauti ya NVDA naiacha kwenye Kiingereza, lakini vipande vyangu nimevipa majina ya Kiswahili. "Mahojiano Mpunguzi" inasomwa kama na Mzungu aliyeshuka kwenye treni ya SGR jana usiku. Ile sauti ya eSpeak inayokuja na NVDA inayo ya Kiswahili, inaeleweka, ila ukiibadilisha maneno ya Kiingereza ya programu nayo yanaharibika. Chagua maumivu yako. Na vitufe ni vingi mno! Nashukuru kuna F12: ukiiwasha, kila kitufe utakachobonyeza kinakuambia kazi yake bila kuifanya. Nilikaa na F12 kama mwanafunzi na daftari.

Viwango vya sauti je? Fundi mitambo anatazama mshale au taa zikipanda hadi nyekundu. OSARA ina kitu kinaitwa Peak Watcher, kinanitajia kilele cha treki kimefika wapi. Muziki wa Kigogo ndio uliokijaribu. Zeze na ilimba zinaanza taratibu, unapandisha sauti kwa huruma, halafu akina mama wanaingia na ngoma za muheme na kila kitu kinapasuka. Bila Peak Watcher ningekuwa nimeharibu nusu ya kazi zangu. Kwenye kurekodi kwenyewe, niliazima rekoda ya Zoom H1essential. Inataja menyu zake kwa sauti, kwa Kiingereza, na inarekodi kwa biti 32 za aina ya float, kwa hiyo huna haja ya kupima kiwango kabla. Ivishe manyoya yake, la sivyo utarekodi upepo tu.

Sasa kuna mtu ataandika hapo chini: "Kuhariri sawa, lakini studioni utaweza?" Niliulizwa hivyo na kituo kimoja nilikokwenda kuomba kazi. Bwana aliyenihoji akaniuliza, kwa upole kabisa, nitaionaje taa nyekundu ya kuwa hewani. Nikamwambia sihitaji taa: maiki ikifunguliwa, spika za studio hunyamaza zenyewe ili sauti isizunguke. Kimya kile ndiyo taa yangu. Akasema watanipigia. Nimebadilisha simu mara mbili tangu hapo, namba ileile. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na zaidi awe na asilimia 3 ya watu wenye ulemavu. Naitaja tu, sina neno.

Ila ukweli nitausema: studio mpya zinatisha. Mikisa ya zamani, ile mitambo ya kuchanganya sauti, ina vitufe vya kusukuma, unaweka tone la gundi kwenye kile cha mtangazaji, umemaliza. Hizi za kioo cha kugusa hazina pa kushika, na programu nyingi za kupanga nyimbo na matangazo hazisemi na NVDA hata neno. Hapo hata OSARA haikusaidii, yenyewe ni ya REAPER tu. Matangazo ya vifo na harusi nayasoma kwa Breli, karatasi nimeilaza juu ya kanga ili maiki isisikie kidole kikisugua. Buigiri, pale Chamwino, watoto wasioona wanafundishwa tangu mwaka 1950. Breli haijatuangusha. Kioo ndicho kinachotuangusha.

Nyie mliokua na Radio Tanzania mnazikumbuka zile ngoma za taarifa ya habari? Alizipiga Mzee Morris Nyunyusa, na Mzee Morris alikuwa haoni. Nchi nzima ilikuwa ikiacha kijiko hewani isikilize, na hakuna aliyeuliza ameionaje ngoma.

Alama: kwa kuhariri natoa tisa kwa kumi, moja nimeiweka rehani mpaka OSARA iniongeleshe Kiswahili. Kwa anayeanza leo asubuhi, saba, kwa ajili ya vile vitufe.

Haya, jaribio. Sauti ya video hii nimeihariri mwenyewe kwa REAPER, na nimekata mahali panne. Mnaoona, fumbeni macho, maana picha itaruka na kuwaibia jibu. Andikeni hapo chini ni wapi. Na mkisikia popote nimesema "zee", nipigieni haraka kabla wanawe hawajafika.