Condor 2 kwa rubani wa glaida aliye mbali na uwanja: tathmini kutoka Mbeya

Kamba ya winchi, mashine ya ardhini inayoivuta glaida hadi ipae, ilikatika glaida ikiwa meta 70 hivi kutoka ardhini, pua ikiwa imeinuka sana, na mpwa wangu, aliyeshika joystiki mezani kwangu hapa Uyole, akazidi kuivuta kwake. Kasi ikaporomoka, bawa la kushoto likalala, na ndege ikajipigiza chini kabla hajatamka neno. Alikaa kimya kidogo, kisha akaniuliza, "Mjomba, pale nilitakiwa kufanya nini?" Kwangu mimi, Condor 2 ina thamani kwa sababu inalizaa swali hilo mahali ambapo hakuna mtu anayeumia.

Condor 2 ni programu ya kompyuta inayoiga urukaji wa glaida, yaani ndege isiyo na injini inayopaa kwa kutafuta hewa inayopanda. Ilitoka mwaka 2018, inafanya kazi kwenye Windows, na mandhari inayokuja nayo ni ya milima ya Slovenia. Mimi nilijifunza kurusha glaida nilipokuwa Afrika Kusini, na tangu nirudi nyumbani mazoezi yangu mengi yamekuwa ya mezani. Mpwa wangu naye anajiandaa kwenda kujifunza huko huko. Kwa hiyo sikuipima kwa uzuri wa picha wala kwa mashindano ya mtandaoni ambayo wengi huinunulia. Nimeipima kwa swali moja: je, inamjengea rubani tabia za usalama, au inambomolea zile alizonazo? Nimeona kwamba inaweza kufanya yote mawili, kutegemea jinsi mtumiaji anavyoipanga.

Katika kukatika kwa kamba imenifurahisha kuliko nilivyotarajia, kwa sababu unaweza kuipangia uwezekano wa kamba kukatika ili usijue ni lini itatokea. Kinachotakiwa ni kusukuma joystiki mbele mara moja mpaka pua ishuke chini ya upeo wa macho, kusubiri kasi irudi kwenye kasi salama ya kutua, na baada ya hapo tu ndipo uamue kama utatua mbele moja kwa moja au una kimo cha kutosha kugeuka. Sehemu ngumu ni kusubiri. Pua ikishashuka, rubani huona ardhi mbele yake na kudhani amepona, ilhali kasi bado ni ndogo. Akigeuka au akifungua breki za hewa, yaani vibao vinavyoinuka juu ya bawa ili kupunguza mnyanyuko, wakati huo, bawa huishiwa mnyanyuko na ndege huanza kuzunguka kama pia katika kimo kisichotosha kujiokoa. Jioni ile tulirudia zoezi hilo mara 30. Kuanzia kama mara ya kumi na mbili mpwa wangu alianza kutaja kasi kwa sauti kabla ya kugeuza chochote, na hapo nikajua kuwa mkono wake umeanza kuelewa.

Ukaguzi wa kabla ya kuruka ni habari tofauti. Programu inakukalisha ndani ya ndege iliyo tayari, na hakuna anayekudai uhakikishe kwamba usukani unakwenda pande zote bila kukwama, uzito wako uko ndani ya mipaka, mikanda imebana, vipimo vinasoma sawasawa, flapu (vibao vya ukingo wa nyuma wa bawa) na trimu (kirekebishi cha mkao wa pua) ziko mahali pake, kifuniko cha kioo kimefungwa na breki za hewa zimefungwa na kukazwa. Nalisema hili kwa uchungu. Siku moja, wakati wa mafunzo yangu, nilisoma orodha yote kwa mdomo huku mkono wangu ukigusa kila kitu isipokuwa mpini wa breki, kwa kuwa mtu alinisemesha katikati ya ukaguzi. Mshika bawa, yule anayeshikilia ncha ya bawa glaida inapoanza kuvutwa, ndiye aliyeona breki zimeinuka kidogo juu ya bawa akasimamisha uvutaji. Tangu siku hiyo, nikikatizwa naanza upya kutoka mwanzo. Mezani hakuna mshika bawa, na rubani anayezoea kubonyeza kitufe na kuruka anajifunza kuruka bila kukagua.

Kutazama nje ndiko programu ilikopungukiwa zaidi, na sidhani kama kosa ni lake. Kioo cha kompyuta ni dirisha dogo, na usipokuwa na kifaa cha kufuatilia kichwa au miwani ya uhalisia pepe, ambayo programu inaikubali, utajikuta unakodolea vipimo. Kanuni zenyewe zinafundishika vizuri: anayeingia katika mkondo wa hewa inayopanda huzunguka upande ule ule wa aliyetangulia, na wawili wanapokutana uso kwa uso kando ya mlima, mwenye mlima kulia kwake ndiye mwenye haki ya njia, na mwenzake humpisha kwa kugeuka kulia. Ila hatari kubwa angani ni ndege isiyosogea kwenye kioo chako bali inakua tu, maana hiyo ndiyo inayokuja kukugonga, na jicho la binadamu huona vizuri vitu vinavyosogea. Nashauri kuzima maandishi yanayoelea juu ya ndege nyingine pamoja na alama zinazoonyesha mikondo ya hewa. Hapa Mbeya tunao walimu wa bure: simama mchana chini ya mlima Loleza uwatazame tai wanavyozunguka kundi zima upande mmoja.

Kuhusu kuchagua shamba la kutua nje ya uwanja, programu inafundisha nidhamu ya vimo. Ukiwa meta 600 juu ya ardhi uwe umechagua eneo, ukifika 450 uwe umechagua shamba, na kwenye 300 uanze mzunguko wa kutua bila kubadili nia hata ukihisi hewa inakuinua kidogo. Lakini mashamba yake hayana ng'ombe wala matuta ya majaruba. Kwa hilo ninatumia basi la Iringa. Tunapopita Usangu mpwa wangu hutaja, kwa kila shamba linalotokea dirishani, upepo unatoka wapi, urefu unatosha au la, mteremko unaelekea wapi, kuna nini juu ya udongo, na nyaya za umeme ziko upande gani. Tulipofika misitu ya misonobari ya Sao Hill alinyamaza muda mrefu, kisha akasema hapa asingeingia bila kimo cha kuvuka hadi ng'ambo. Jibu hilo lilinipendeza sana.

Atakayezoea kimo cha chini mezani akumbuke pia nyanda zetu. Mji wa Mbeya uko takriban meta 1,700 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi, hivyo kipimo kikisoma kilomita 90 kwa saa, kasi halisi hukaribia 98, na siku ya joto huzidi hapo. Ardhi itaonekana inakimbia na rubani atashawishika kupunguza kasi, jambo ambalo ni hatari. Afuate kipimo, na achague shamba refu zaidi.

Lawama yangu kubwa iko kwenye kitufe kinachomrudisha juu rubani aliyeishiwa kimo. Najua kimewekwa ili mwanafunzi asikate tamaa, lakini kinamfundisha kuendelea kutafuta hewa inayopanda akiwa kwenye meta 150, jambo ambalo kwa glaida ya kweli huua. Kwangu kimepigwa marufuku. Anayeangusha ndege anaandika kwenye daftari uamuzi wake wa mwisho uliokuwa salama aliufanya katika kimo gani, ndipo anaruhusiwa kuanza tena.

Kwa anayetaka kuinunua: nunua na pedeli za miguu za kugeuzia usukani wa mkia, la sivyo hutajifunza kuuweka katikati ule uzi mwekundu unaobandikwa kwenye kifuniko cha kioo cha ndege kuonyesha kama inakwenda kombo, na kugeuka kwa kutumia mguu kupita kiasi karibu na ardhi ndiko kunakoanzisha kule kuzunguka kama pia. Weka na UPS, kifaa cha betri kinachoendeleza kompyuta umeme ukizimika, kwa sababu umeme wetu hukatika bila taarifa. Orodha ya ukaguzi iandike kwa mkono na uibandike pembeni ya kioo cha kompyuta. Ya mpwa wangu imechakaa pembe ya chini, palipoandikwa breki.