Mapitio: eBird kwa Kuandika Shomoro Adimu wa Mombasa

eBird ni programu ya bure ya Cornell Lab of Ornithology ya Marekani, na imekuwapo tangu 2002. Kwa anayefuatilia shomoro Mombasa inafaa sana, kwa sharti moja: umtambue ndege kabla hujagusa simu. Programu hupanga na kuhesabu. Kutambua ni kazi yako.

Pakua furushi (pack) la ndege wa Kenya, yaani data ya kutumia bila intaneti, ungali kwenye waifai. Baada ya hapo orodha ya ndege unaowaona matembezini hufunguka hata bando likiisha, GPS huchora njia, nawe huwasilisha ukirudi. Kuchora njia hula betri, basi chukua pawabenki. Katika vichochoro vya Mji wa Kale alama ya mahali huweza kuhama, kwa hiyo itazame kwenye ramani kabla ya kutuma. Ukivuka Likoni, anza orodha mpya ng'ambo.

Swali linaloharibiwa zaidi ni lile la kama orodha imekamilika. Jibu ndiyo ikiwa tu umeandika kila ndege uliyemtambua, wakiwemo kunguru. Ukiwaruka makusudi, mtafiti atadhani hawakuwepo. Andika idadi hata ya kukadiria, maana alama ya X, inayowekwa badala ya idadi, haisemi kama walikuwa wawili au mia.

Uzuri wake hasa uko kwenye ndege adimu. Kila eneo lina kichujio cha spishi, idadi na majira. Passer domesticus, shomoro wa kawaida wa mjini, hupita bila shida. Asiyetarajiwa huwekewa alama, hudaiwa maelezo, kisha hukaguliwa na binadamu. Hapo ndipo shomoro wa kichwa kijivu, spishi tatu zinazofanana, huwatoa watu jasho. Passer gongonensis, aliyeelezwa kisayansi na Mfaransa Oustalet mwaka 1890 kwa kielelezo kilichopatikana Gongoni, karibu na Mombasa, ni mkubwa, mdomo mnene, na chini ni kijivu cha namna moja. P. (yaani Passer) griseus ana mdomo mwembamba zaidi, koo jeupe, na mgongo wa kahawia unaojitenga na kichwa. P. suahelicus mgongo wake ni kijivu, karibu sawa na kichwa. Usiamue kwa ukubwa pekee wakati ndege yuko mbali na hana wa kulinganishwa naye. Rangi ya mdomo nayo hubadilika majira ya kuzaa.

Kwa hiyo piga picha ya ubavu inayoonyesha unene wa mdomo, nyingine ya koo, nyingine ya mgongo. Katika maelezo taja umbali, mwanga, ulichokiona, na kwa nini si spishi ile nyingine. “Nina hakika” haimsaidii mkaguzi hata kidogo. Ukibaki na shaka, chagua Passer sp., yaani shomoro ambaye spishi yake haikutambuliwa; hiyo ni rekodi halali kabisa.

Badilisha mpangilio uonyeshe majina ya kisayansi. Majina ya Kiingereza huchanganya shomoro wetu wa familia ya Passeridae na ndege wa Amerika wa familia ya Passerellidae, na kidole kikiteleza utamweka Mombasa P. rufocinctus wa nyanda za juu.

Mkaguzi akikuandikia, fungua orodha ile ile uihariri, usitume mpya. Rekodi isiyothibitishwa hubaki kwenye akaunti yako. Ila haiingii kwenye ramani za umma.