Kupima unga wa lishe Malawi kabla ya kuuza: tathmini ya huduma ya Mwanjelwa

Kwa wasindikaji wadogo wa Mbeya wanaolitazama soko la Malawi, ipo ofisi ndogo jirani na soko la Mwanjelwa ambayo kazi yake ni kupeleka sampuli za bidhaa ng'ambo ya mto Songwe, kuzijaribisha kwa wanunuzi wa kule na kumkabidhi mwenye bidhaa taarifa ya maandishi. Kikundi chetu kiliwapa unga wa lishe wa mahindi, soya, karanga na ulezi. Baada ya kuisoma taarifa yao kwa makini, naona huduma hii inastahili ada inayotozwa, ingawa ina pengo moja kubwa linalopaswa kuzibwa haraka.

Ninachokisifu hasa ni namna wanavyopima. Ukimwonjesha mtu uji wa bure kisha ukamuuliza kama ameupenda, atakujibu kwa adabu kwamba ni mtamu, na jibu hilo halikusaidii lolote unapotaka kuamua kama upakie mzigo au usipakie. Wao huuweka unga kwenye duka la kawaida, kando ya bidhaa ambazo wateja wamezizoea, kwa bei ya kwacha iliyoandikwa wazi, na anayeuchukua anautolea fedha yake mwenyewe. Baada ya siku chache msaili humtembelea nyumbani yule aliyekubali kuhojiwa, akaangalia uji unavyopikwa, nani anaunywa, na kama paketi imekwisha au imesahaulika kabatini. Zaidi ya hapo, hufuatilia ni nani anayerudi dukani kununua tena, kwa kuwa paketi ya kwanza mtu huinunua kwa hamu ya kuonja tu. Katika mji wa Karonga, kaskazini mwa Malawi, walituma wasaili wanaozungumza Kinyakyusa, ambacho Wangonde wa huko wanaelewana nacho vizuri, na katika jiji la Mzuzu, pia la kaskazini, wakawatumia wenyeji wanaosema Kitumbuka. Naliona hilo kuwa jambo la maana, kwa sababu mama anayehojiwa kwa lugha ya nyumbani kwake husema hata lile ambalo angemficha mgeni.

Taarifa yenyewe ilitufunulia mambo ambayo tusingeyajua tukiwa Mbeya. Mshindani wetu wa kweli kule ni likuni phala, unga wa mahindi na soya ambao akina mama wa Malawi wamewalishia watoto kwa miaka mingi, na ni mweupe kuliko wetu. Ulezi unaupa unga wetu rangi ya hudhurungi, rangi ambayo mama wa Mbeya huitafuta kwa kuwa anaamini ulezi unaongeza damu. Wanunuzi kadhaa wa Mzuzu, walipouona kupitia dirisha la paketi, walidhani ni kimea cha kutengenezea thobwa, kinywaji kinachofanana sana na togwa yetu, wakauacha rafuni. Waliofika hatua ya kuupika waliusifia kwa harufu ya karanga, na wengi wao walirudi dukani. Kwa maneno mengine, ladha haikuwa na tatizo, na kilichotukosesha wateja ni kile ambacho jicho lilikiona kabla ya ulimi. Paketi za nusu kilo ziliisha, za kilo 1 zikabaki.

Pengo nililolitaja ni kwamba taarifa inamchambua mnunuzi kwa kina lakini mpaka wenyewe imeupa aya moja tu, tena inayohusu viwango vya ubora. Machi 2025 Malawi ilizuia kuingizwa kwa bidhaa kadhaa, zikiwemo unga, mchele, tangawizi, ndizi na mahindi, na Aprili mwaka huohuo Tanzania ikajibu kwa kuzuia mazao ya kilimo kutoka Malawi. Msindikaji wa unga hawezi kulichukulia jambo hilo kuwa habari ya kupita. Vivyo hivyo kwa bei: Novemba 2023 Malawi ilishusha thamani ya kwacha, na dola 1 iliyokuwa takriban kwacha 1,180 ikawa takriban 1,700. Bei iliyopimwa dukani mwezi huu inaweza kupoteza maana kabla lori halijafika mpakani Kasumulu, kwa hiyo ilistahili kupimwa kwa viwango viwili au vitatu, ili tujue mteja anaacha kununua inapofika wapi.

Nilipowaeleza hayo, walinisikiliza vizuri na wakakubali kuongeza sehemu ya masharti ya mpaka na mwenendo wa kwacha katika taarifa zijazo. Ada yao hulipwa kwa awamu mbili, nusu kabla ya sampuli kuondoka na nusu siku ya kukabidhiwa taarifa, utaratibu ambao kikundi kidogo kinaweza kuumudu. Tumeshawapa kazi ya pili: unga usio na ulezi, paketi ya nusu kilo isiyo na dirisha, bei tatu tofauti, Mzuzu pekee.